Mwezi wa 36: figo ililipiwa, vidonge vikakwama

Tarehe 12 Mei 2025, saa moja usiku, duka la dawa lilimrudishia kadi. Mfamasia alijaribu mara ya pili, kisha akaigeuza skrini kidogo ili mteja ajionee mwenyewe: bima ilikwisha tarehe 30 Aprili. Mteja ni mwanamume wa miaka 43, dereva wa gari la kusambaza vifurushi. Figo inayomweka hai ni ya dada yake, imepandikizwa upande wa kulia wa tumbo, chini kidogo ya kitovu. Nyumbani amebakiza vidonge vya siku 9.

Dereva huyu nimemchora mwenyewe ili tuwe na mtu mmoja wa kumfuata mwanzo hadi mwisho. Sheria, tarehe zake na viwango vya dola ni vya Marekani kama vilivyo. Nimemfanya Mtanzania mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu, kwa sababu naona Waswahili wengi wa huko wakiingia kwenye jambo hili na dhana moja: kwamba kazi kubwa ni kupata hela ya upasuaji. Kwake upasuaji ulilipiwa bila vurugu. Kilichomtoa jasho ni kalenda.

Turudi Februari 2020, alipoanza kusafishwa damu kwa mashine, siku tatu kwa wiki. Wakati huo alikuwa na miaka 38, akiendesha forklift kwenye ghala, na bima ya kazini alikuwa nayo. Afisa ustawi wa jamii wa kituo alipomtajia Medicare, bima ya afya ya serikali kuu, alicheka. Medicare si ya wazee wa miaka 65?

Ni ya wazee, na ya wenye ulemavu, na ya watu ambao figo zao zimeshindwa kabisa, wawe na umri wowote. Kundi hili la tatu liliingizwa na sheria ambayo Rais Nixon aliisaini tarehe 30 Oktoba 1972, ikaanza kazi Julai 1973. Mwaka mmoja kabla yake, Novemba 1971, mgonjwa aitwaye Shep Glazer alikaa mbele ya kamati ya Bunge akiwa ameunganishwa na mashine ya kusafisha damu, wabunge wakitazama. Kabla ya hapo mashine zilikuwa chache na ghali. Seattle, miaka ya 1960, kulikuwa na kamati ya raia iliyokaa kuamua nani aunganishwe na nani aachwe. Ukilijua hilo unaelewa kwa nini figo zina mlango wao ndani ya Medicare, na moyo au ini havina. Anayehitaji ini sharti aingie Medicare kwa umri au kwa ulemavu.

Mlango huo una kitasa: uwe umefanya kazi na kukatwa kodi ya Social Security, hifadhi ya jamii ya Marekani, kwa kiwango fulani, au mwenzi wako awe amefanya hivyo, au mzazi wako kama wewe ni mtoto unayemtegemea. Tofauti na wanavyoambizana watu, si lazima uwe umefanya kazi miaka 10. Kwa mgonjwa wa figo zinaweza kutosha robo 6 za mwaka za kazi ndani ya robo 13 za karibuni. Dereva wetu alikuwa kazini tangu 2014, kwa hiyo hapo alipita.

Fomu aliijaza akiwa kwenye kiti cha mashine. Mkono wa kushoto una sindano mbili na haruhusiwi kuukunja, kwa hiyo karatasi ililazwa juu ya mto mapajani, afisa akishika kona isiteleze. Fomu inaitwa CMS-2728. Daktari anathibitisha kwamba figo zimekwisha, mgonjwa anasaini, kituo kinaituma. Kwa anayesafishiwa damu kituoni, Medicare haianzi siku ileile: inaanza siku ya kwanza ya mwezi wa tatu baada ya ule aliouanzia. Alianza Februari, basi ni tarehe 1 Mei 2020. Angejifunza kujisafishia nyumbani ndani ya miezi hiyo ya mwanzo, ingehesabiwa tangu mwezi wa kwanza. Nyumba aliyopanga haikuwa na nafasi ya maboksi ya maji ya dawa, hilo likapita.

Halafu ukaja uamuzi ambao naupa uzito kuliko upasuaji wenyewe.

Medicare ina Sehemu A, ya kulazwa hospitali, ambayo kwa mtu kama yeye haina ada ya mwezi. Ina Sehemu B, ya madaktari na matibabu ya nje, ambayo mwaka 2020 ilikuwa dola 144.60 kwa mwezi. Yeye ana bima ya kazini. Kwa mgonjwa wa figo, bima ya kazini hulipa kwanza kwa miezi 30 tangu alipostahili Medicare, na Medicare hujazia. Akapiga hesabu ambayo wewe na mimi tungeipiga: nichukue A ya bure, B niiache, dola 144 zibaki mfukoni.

Afisa akamzuia mkono. Kusafishwa damu kituoni hulipwa na Sehemu B, si A. Madaktari wa upasuaji ni B. Dawa za kuzuia mwili usiikatae figo ni B. Na aliyeingia Medicare kwa sababu ya figo, akachukua A na kukataa B, hapewi dirisha la dharura akipoteza bima ya kazini. Anasubiri usajili wa jumla wa Januari hadi Machi, ambao kwa kanuni za wakati ule bima yake ilianza Julai, pamoja na nyongeza ya adhabu kwenye ada. Njia salama ni mbili: chukua zote mbili, au usichukue hata moja hadi miezi 30 ikaribie kuisha. Kuchukua nusu ndiyo hatari.

Akachukua zote. Juni 2021 uchovu ulimzidi, saa zake za kazi zikapunguzwa, bima ya kazini ikamwacha. Medicare ikawa mlipaji wa kwanza siku hiyohiyo. Angekuwa amechukua A peke yake, angekaa mwaka mzima, hadi Julai 2022, bila wa kulipia ile mashine. Dola 144 za mwezi.

Ikabaki asilimia 20. Medicare ya kawaida hulipa asilimia 80 ya gharama inazozikubali upande wa B, na ile 20 iliyobaki haina dari. Asilimia 20 ya kitu kikubwa ni kikubwa. Bima ya nyongeza ya kuziba pengo hilo ipo, ila sheria ya taifa hailazimishi kampuni kumuuzia mtu wa chini ya miaka 65. Kila jimbo lina lake. Kilichomwokoa ni kipato chake kidogo. Kuna mpango uitwao QMB, unaoendeshwa na Medicaid ya jimbo, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ambao kwa mwenye Medicare na kipato cha chini hulipa ada ya B, kiasi cha kuanzia (kile ambacho mgonjwa hutoa kabla bima haijaanza kulipa), na ile asilimia 20. Mshahara wa nusu saa za kazi ulimwingiza, kwa sababu sehemu ya mshahara haihesabiwi wanapopima kipato.

Mshahara huohuo ulimnyima kitu kingine, na hapa kisa kinaniuma kidogo. Mwaka 2021, aliyepata zaidi ya dola 1,310 kwa mwezi kutokana na kazi kwa kawaida hakuhesabiwa kuwa na ulemavu kwa malipo ya Social Security. Yeye alipata 1,500. Angeacha kazi kabisa na kukubaliwa kuwa mlemavu, baada ya miezi 24 ya kupokea malipo hayo angekuwa na Medicare kwa mlango wa ulemavu, na ile saa ya miezi 36 baada ya upandikizaji, ambayo huifunga Medicare ya figo, isingemhusu muda wote angekuwa kwenye ulemavu. Aliendelea kuburuza miguu kwenda kazini, basi akabaki na mlango mmoja tu, wa figo, na mlango huo una tarehe ya kufungwa.

Dada yake anaishi jimbo jingine, ana miaka 45. Vipimo vilipolingana, hospitali ikamtumia bahasha nene. Akapiga simu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Hii bahasha naiogopa. Wanataka namba za bima yangu. Bili ya kwangu itakuja kwangu au kwako?"

"Haiji kwako. Haiji hata kwangu."

Alikuwa sahihi. Gharama za mchangiaji wa figo aliye hai, kuanzia vipimo, upasuaji hadi matibabu ya madhara yanayotokana na kutoa figo, zinabebwa na Medicare ya mpokeaji. Mchangiaji halipi kiasi cha kuanzia wala asilimia. Vipimo vya kabla ya upasuaji hata havitumwi kama bili kwa mtu: hospitali huviingiza kwenye hesabu zake za upatikanaji wa viungo, na Medicare hulipa fungu lake humo. Bahasha ikiomba kadi ya bima ya mchangiaji, swali la kumrudishia mratibu ni moja: mbona isiende kwenye akaunti ya mpokeaji?

Upasuaji ulifanyika Aprili 2022. Kwa mwaka huo, kiasi cha kuanzia cha Sehemu A kilikuwa dola 1,556 kwa kulazwa hadi siku 60. Cha Sehemu B dola 233 kwa mwaka. QMB ililipa vyote. Kwa upande wa dereva, upandikizaji wenyewe ulimgharimu maegesho ya gari.

Dada ndiye aliyelipa. Anasafisha vyumba vya hoteli, kazi ya kuinua magodoro, na daktari alimkataza kunyanyua mizigo kwa wiki sita. Mwajiri hakuwa na likizo ya malipo. Medicare hailipi mshahara uliopotea, wala nauli, wala chumba cha kulala karibu na hospitali. Sheria ya viungo ya 1984 inakataza kununua kiungo, kwa faini ya hadi dola 50,000, au kifungo hadi miaka 5, au vyote viwili, na watu wakisikia hivyo huogopa hata kumlipia ndugu tiketi ya basi. Hofu hiyo haina msingi: sheria hiyohiyo inaruhusu kurudisha gharama za safari, malazi na mshahara uliopotea wa mchangiaji. Kuna hata mfuko wa serikali kuu kwa kazi hiyo, NLDAC, unaoangalia kipato cha mpokeaji. Kipato cha huyu kingeingia bila shida, ila maombi hufanywa kabla ya upasuaji. Walisikia habari zake baadaye, kwenye kliniki, kutoka kwa mgonjwa mwenzao. Mratibu wa hospitali hakuwatajia, na sioni cha kumtetea.

Miaka mitatu iliyofuata ni ya kawaida, na kawaida ndiyo waliyokuwa wakiitafuta. Dawa za kuzuia mwili usiikatae figo: tacrolimus saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, mycophenolate, prednisone kidogo. Damu kupimwa kila wiki, kisha kila mwezi, kisha kila miezi miwili mitatu. Mwishoni mwa 2023 alirudi kazini kwa nguvu, safari hii kama dereva wa kujitegemea wa vifurushi: hakuna mwajiri, hakuna bima ya kazini. Kipato kikapanda, QMB ikaondoka. Akaanza kulipa mwenyewe ada ya B, dola 174.70 kwa mwezi mwaka 2024, na asilimia 20. Aliweza.

Barua za Medicare ziliendelea kuja. Nyingi ni taarifa za matibabu yaliyolipwa, na juu yake zimeandikwa kwamba hii si bili. Ukishapokea hamsini za namna hiyo unajifunza jambo moja tu: zinaweza kusubiri. Alizipanga kwenye boksi la viatu juu ya kabati. Barua ya kumwarifu kwamba Medicare yake ingekoma ilikuwa humo, ndani ya bahasha inayofanana na zile nyingine. Haikuwa imefunguliwa.

Kanuni yenyewe ni fupi. Aliyeingia Medicare kwa sababu ya figo peke yake hutoka baada ya miezi 36 kupita tangu mwezi wa upandikizaji. Aprili 2022, Aprili 2025. Hakuna anayeuliza kama figo bado inahitaji dawa. Inahitaji, siku zote itakapokuwa mwilini.

Wabunge walilijua hilo kwa miongo. Sheria ya 1986 ilianza kwa kulipia dawa hizi mwaka mmoja tu baada ya upandikizaji. Miaka ya 1990 ikasogezwa hadi mitatu. Mwaka 2000 kikomo kikaondolewa kwa wazee na wenye ulemavu, wenye Medicare ya figo peke yake wakaachwa pale pale. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu: mtu aliyekosa vidonge na kupoteza figo alirudi kwenye mashine, na mashine Medicare inailipia muda wote anaoihitaji, kwa zaidi ya dola 90,000 kwa mwaka. Aliyepandikizwa hugharimu chini ya nusu ya hapo. Serikali ilikuwa ikiokoa bei ya vidonge na kulipa bei ya mashine. Mabadiliko ya kuwalipia dawa hizi hata baada ya miezi 36 yalipita Desemba 2020, yakaanza tarehe 1 Januari 2023, kwa jina la Sehemu B-ID.

Ndiyo aliyoambiwa dereva asubuhi ya tarehe 13 Mei, alipompigia afisa ustawi wa kliniki ya upandikizaji. B-ID haina dirisha la usajili, unaweza kuiomba siku yoyote. Unawasiliana na Social Security, unathibitisha kwamba huna bima nyingine ya afya: ya kazini, ya kujinunulia, ya wanajeshi, wala Medicaid inayolipia dawa hizo. Mwaka 2025 ada ilikuwa dola 110.40 kwa mwezi, kisha kiasi cha kuanzia cha dola 257 kwa mwaka, kisha asilimia 20 ya dawa. Angethibitisha kabla ya Aprili kwisha, ingeunganika bila pengo. Akithibitisha Mei, inaanza tarehe 1 Juni.

Vidonge vya siku 9 vinaishia tarehe 21. Kutoka 22 hadi 31 kuna siku 10 zisizo na mwenyewe. Wazo la kwanza la dereva, analolipata karibu kila mtu, lilikuwa kunywa mara moja kwa siku ili zifike. Afisa alipandisha sauti, jambo ambalo si kawaida yake. Kiwango cha tacrolimus kwenye damu kikishuka, kinga ya mwili inaanza kuitambua figo kama mgeni, na mgonjwa anaweza asihisi chochote hadi kipimo cha kreatinini, taka ya damu ambayo figo huichuja, kipande. Wakafanya hivi: daktari akaandika dawa ya siku 10 tu, ya jina la kawaida badala ya jina la kampuni, akainunua taslimu. Iliuma mfuko. Haikuvunja.

B-ID ikaanza Juni. Wengi husimama hapo wakapumua, na mimi naona hapo ndipo pa kuuliza tena, kwa sababu B-ID hulipia dawa za kuzuia figo isikataliwe na hailipii kitu kingine. Kipimo cha damu cha kujua kama dawa hizo zimefika kiwango hakimo. Daktari hayumo. Dawa ya presha haimo. Kulazwa hakumo. Unapewa tacrolimus, na njia ya kujua kama imezidi au imepungua unajitafutia.

Njia ya pili ilikuwa soko la bima la serikali, HealthCare.gov. Kupoteza Medicare kunafungua dirisha la siku 60, na kwake lingefungwa tarehe 29 Juni. Alipokuwa na Medicare hakustahili ruzuku ya soko hilo. Sasa anastahili, na B-ID haimnyimi, kwa kuwa haihesabiwi kuwa bima kamili. Ila hawezi kuwa na zote mbili. Akipata bima ya soko lazima awaarifu Social Security wamtoe B-ID, na akiipoteza siku za usoni B-ID itampokea tena.

Walikaa na kompyuta jioni moja, yeye na afisa kwenye simu. Ada ya mwezi waliitazama mwisho. Swali la kwanza lilikuwa kama hospitali iliyompandikiza imo kwenye orodha ya hospitali za bima hiyo, la pili kama tacrolimus ya jina la kawaida imo kwenye orodha ya dawa, la tatu dari ya mwaka ya anacholipa mfukoni, kile kitu ambacho Medicare ya kawaida haikuwahi kumpa. Mpango wa bei ndogo kuliko yote ulianguka kwenye swali la kwanza. Wa tatu kwa bei ulipita yote. Alisaini tarehe 24 Juni, ukaanza tarehe 1 Julai, na akawapigia Social Security kuifunga B-ID aliyokaa nayo mwezi mmoja.

Kipimo cha damu alichokiruka Mei alikifanya tarehe 2 Julai. Kreatinini ilikuwa palepale ilipokuwa Februari. Alimpigia dada yake kumwambia, naye akauliza kama lile boksi la viatu lipo bado. Lipo. Limeshushwa kutoka juu ya kabati hadi mezani, na bahasha zimefunguliwa zote, hata zile zilizoandikwa kwamba si bili.